Chumba cha Baba Kilichogoma Kuezekwa

Mapaa yana kiburi. Ukuta ukiuchora unakaa, dirisha ukilipachika linatulia, lakini paa, hasa paa la kwenye kompyuta, linataka kubembelezwa. Utachora nyumba nzima ikapendeza, ukabofya kitufe cha kuezeka, kumbe paa limekuja limepinda upande, au limeacha tundu juu ya choo, au limeelea hewani juu ya kuta kana kwamba limesusa. Ndiyo maana ile ofisi ya michoro ya nyumba, iliyo juu ya duka la rangi, ilikuwa na bahati kuwa na Mama Mapaa.

Jina hilo alipewa na wenzake, naye akalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwanamke wa mashavu manene na kicheko kinachosikika mpaka kwa wauza rangi kule chini, na kila mchoro ulioshindikana uliishia mezani kwake. Hakuwa na papara. Alivuta kiti, akavua viatu chini ya meza, akaizungusha nyumba kwenye skrini, juu, chini, nyuma, huku akiiuliza, "Haya, unaumwa wapi?" Mara nyingi ugonjwa haukuwa kwenye paa kabisa. Ulikuwa huku chini: ukuta mmoja haukugusana na mwenzake, pengo jembamba kama unywele, na programu, kwa kuwa haikuona chumba kilichofungwa, ikakataa kuweka sakafu na ikaezeka ovyoovyo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama Mapaa alisema wahenga hawakuwa na kompyuta; huku, ufa usipouziba hupati hata paa.

Na paa likikubali, pande zote zikakutana kule juu, alipiga kofi moja zito mezani, vikombe vikaruka, na ofisi nzima ikajua kuna nyumba imepona. Miaka yote hiyo hakuwahi kulizoea jambo hilo. Alifurahi kila mara kama mara ya kwanza, na mimi watu wa namna hiyo nawaonea wivu waziwazi.

Lakini mganga hajigangi. Siku ikafika akashindwa na chumba kimoja tu, tena cha baba yake mzazi.

Huyo baba alikuwa mzee wa bucha. Maisha yake yote aliuza nyama, na tangu mkewe afariki na bucha kufungwa, alikaa peke yake upande wa pili wa mji. Jirani yake alimpigia simu Mama Mapaa. "Dada, mzee anaongea na redio."

"Anasikiliza redio, kuna ubaya gani?"

"Sijasema anaisikiliza. Anaijibu."

Mama Mapaa alicheka, kisha akalia palepale, simu ikiwa bado sikioni. Jioni hiyo alimwambia mumewe, nesi wa hospitali, kwamba anataka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yao ili baba aje kuishi nao. Mume alikubali kabla sentensi haijaisha. Akabaki mzee mwenyewe, na mzee si godoro la kubebwa tu. "Nichoree kwanza nikione," alisema. "Nikikipenda nitakuja. Nisipokipenda tusisumbuane, mwanangu."

Basi akachora kwa mapenzi yote. Alimpa dirisha kubwa, bafu lake mwenyewe na mlango mpana wa kutokea uani, ili atoke na kuingia bila kumwomba mtu ruhusa. Upande wa sebuleni aliacha ukuta mtupu, ili kelele za watoto zisimfikie. Mtu mzima anahitaji utulivu, nani asiyejua? Ili kuokoa muda, hakuanza upya. Alichukua chumba kutoka kwenye mchoro wa zamani, kipimo kikalingana, akakisogeza mpaka kikagusa nyuma ya nyumba, akakiandika "Chumba cha Baba", akabofya kuezeka.

Sakafu ikazama. Ilishuka chini ya sakafu ya sebule kimo cha kidato kizima cha ngazi, ikatulia huko. Mapaa nayo yakaja mawili: paa la nyumba kivyake, na paa dogo la chumba kivyake, upenu wake umeingia ndani ya ukuta wa sebule kama pua ya mmbea. Aliipandisha sakafu, ikarudi chini. Akalaza sakafu nyingine juu yake, chumba kikawa kama jukwaa la ngoma. Akalivuta paa kwa mkono, likafunga huku likapasuka kule. Wenzake wakawa wanapitapita kujifanya wanatafuta sukari.

"Mama Mapaa, leo mgonjwa nani?"

"Mgonjwa ni mimi. Piteni."

Baba alifika siku ya mapumziko kama walivyoahidiana, na mchoro haujapona. Mama Mapaa alipaka rangi nzuri, akaweka maua dirishani, akatumaini macho ya mzee hayataona. Programu ile inamruhusu mtu kutembea ndani ya nyumba ambayo haijajengwa, kwa hiyo alimpa baba kipanya. Mkono uliozoea shoka la nyama ulikishika kama kifaranga. Mzee akaingia mlango wa mbele, akapita sebuleni, akagonga ukuta.

"Sasa kwangu naingilia wapi?"

"Unazunguka nje, baba. Kwa nyuma."

Akatoka, akazunguka, akaingia chumbani kwa mlango wa uani. Akaona sakafu iko chini kuliko ya wengine. Akainua macho, akaona kapaa kake peke yake. Akacheka kile kicheko alichowawekea wateja waliolalamika kwamba nyama ngumu. "Kizuri, mwanangu. Kizuri sana. Ila kwangu bado sijapachoka." Akanywa chai, akawabariki wajukuu, akaenda zake.

"Kwani amekataa?" mume akauliza.

"Amesema kizuri."

"Basi amekataa."

Iliuma. Aliosha vikombe vile vile mara mbili bila kujua. Siku ya kazi ilipofika alivuta kiti, akavua viatu, akajifanyia yale anayowafanyia wengine. Alikizungusha chumba juu, chini, nyuma. Akafungua maelezo yake, pale ambapo kila chumba kinaiambia programu kuwa chenyewe ni nini hasa. Jina lilikuwa "Chumba cha Baba", kama alivyoandika. Aina: gereji.

Mchoro ule wa zamani ulikuwa wa nyumba ya gari. Yeye alibadilisha jina tu, lakini programu haina dogo. Ilikumbuka, ikaishusha sakafu ili maji na mafuta ya gari yasiingie ndani ya nyumba. Mama Mapaa alikuwa amempeleka baba yake kulala mahali pa kuegesha gari! Alicheka mpaka muuza rangi mmoja akapanda ngazi kuuliza kama kuna usalama. Akabadilisha gereji kuwa chumba cha kulala, na sakafu ikapanda yenyewe, ikalingana na ya sebule bila hata mstari.

Paa bado likagoma. Akaufuata ukuta mmoja baada ya mwingine, akasimama kwenye ule uliotenganisha sebule na chumba. Programu ilikuwa bado inauhesabu kuwa ukuta wa nje, kama zamani nyumba ilipoishia hapo. Machoni pake, nyumba ya familia ilikwisha kwenye ukuta huo, na ng'ambo yake kulikuwa na nyumba nyingine ya mtu mwingine. Ndiyo sababu kila moja ilipewa paa lake. Akaugeuza kuwa ukuta wa ndani, na paa kubwa likanyooka, likavuka, likamfunika mzee na wengine wote kwa pamoja.

Kofi halikupigwa. Mkono ulibaki hewani, kwa sababu macho yalikuwa kwenye ukuta. Ukuta wa ndani, katikati ya nyumba, hauna mlango. Nani anajenga hivyo? Akamfikiria mzee ambaye watu walimwegemea kwenye meza ya bucha tangu asubuhi, wakimweleza magonjwa yao na vituko vya wakwe zao, huku akikata nyama na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba. Mtu huyo, kati ya zawadi zote za dunia, yeye amemchagulia kimya. "Jamani, mimi," alisema kwa sauti. Akautoboa ukuta, akaweka mlango mpana wa kufunguka pande mbili, unaotazama sebule nzima. Kisha akabeba kompyuta, akaaga, akaenda kwa baba yake moja kwa moja.

Mzee akakishika tena kipanya. Mlango wa mbele, sebule, mlango mpana, ndani. Hakujikwaa popote. Akageuka pale kitanda kitakapokuwa, akaona meza ya wajukuu, akaona jiko likichungulia pembeni. Akatoka, akaingia tena. Akatoka, akaingia.

"Hawa watoto wanaruhusiwa kupita hapa?"

"Baba, hata ukiwakataza watapita."

"Na nyinyi mkigombana nitasikia?"

"Kila neno."

Mzee akakiachia kipanya. "Nilidhani mnaogopa kelele zangu," alisema. "Nikasema nisiwasumbue."

"Na mimi nilidhani unataka utulivu."

"Utulivu? Nani kakwambia?"

"Hakuna. Sikukuuliza, baba. Nisamehe."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, na kicheko cha mmoja kilikuwa cha mwenzake kitupu. Ungewasikia kwa nje usingejua yupi ni yupi. Mzee akafuta macho kwa kiganja. "Mafundi wanaanza lini?"

"Mwezi ujao, Mungu akijalia."

"Mwezi ujao," mzee alirudia, akatazama kuta za nyumba yake. "Na pale sebuleni kwenu pana kochi?"

"Lipo, baba, ila ni fupi. Miguu itaning'inia."

"Iache ining'inie," akasema, naye tayari alikuwa amepiga magoti akivuta begi kutoka chini ya kitanda.