Nilimpelekea Mzee Khiem Mti Usio Wake

Kulikuwa na mzee mmoja hapa Cho Lach, Vietnam, aliyekuwa amesahau kila kitu. Alisahau watoto wake watatu, alisahau nyumba aliyokuwa akilala, na mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na sita alimwita "dada".

Mzee huyo huyo aliniumbua mimi ndani ya dakika moja, kwa kuutazama mti tu.

Naomba mnisome mpaka mwisho, ndipo mnitukane.

Naitwa Thoa. Nafanya kazi kwenye kitalu cha Mjomba Sau, pale mfereji unapokata kona. Si mjomba wangu wa damu, ni bosi, ila mtaa mzima unamwita hivyo.

Tunauza miche, vyungu na mbolea. Ikikaribia Tet, mwaka mpya wetu, tunauza mpaka taa za karatasi na riboni. Lakini kinachotuweka mjini hasa ni kulea mai za watu.

Mai ni mti wa maua ya njano. Kila nyumba huku inautaka uchanue asubuhi ya mwaka mpya, si jana yake wala kesho yake. Sherehe ikiisha, wenye miti wanatuletea. Tunailea mwaka mzima, kisha katikati ya mwezi wa mwisho tunaipukutisha majani yote kwa mkono ili nguvu iende kwenye maua. Siku moja kabla ya mkesha tunairudisha kwa wenyewe ikiwa imejaa vitumba.

Mai wa Mzee Khiem tulikuwa nao mwaka wa nne. Aliupanda mwenyewe mwaka aliooa. Akili ilipoanza kumtoka, mkewe, Bibi Lieu, akauleta kwetu.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja kabla ya kosa langu, asubuhi ya Tet, mti ulichanua. Mzee akautazama weee, kisha akamgeukia mkewe akasema, "Lieu."

Basi. Mara moja tu. Hakulitaja tena jina hilo mwaka mzima.

Bibi Lieu alikuwa anakuja kitaluni kila mwezi kuuangalia ule mti. Ananiletea wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, analishika shina.

"Thoa mwanangu, mimi nasubiri neno moja tu. Nitunzie."

"Bibi, ondoa shaka. Huu mti ni kama mwanangu."

Mdomo wangu huo!

Mwezi wa mwisho kitaluni ni vurugu tupu. Huyu anataka michungwa midogo ifungwe riboni nyekundu, yule anataka taa kumi na mbili za mlangoni, mwingine anagombana na wewe eti krisanthemu zake zimewahi kuchanua. Unakula umesimama.

Mjomba Sau ana sheria moja. Wakati wa kiangazi, kabla hujamwagilia chochote, chovya kidole kwenye maji ulambe. Bamvua likija, bahari inapanda na mto mpaka kwenye mifereji yetu, na maji ya chumvi kwa mai ni sumu. Ndiyo maana tunajaza tangi maji yakiwa yamekupwa.

Mti wa Mzee Khiem ulikuwa wa mwisho kwenye mstari, ukingoni kabisa mwa mfereji. Bomba la tangi halifiki. Siku zote nilikuwa nabeba maji ya tangi kwa ndoo, hatua sabini kwenda na kurudi.

Mwaka ule, mara tu baada ya kupukutisha majani, nilichoka. Siku tatu mfululizo nilichota mfereji uliokuwa hapo hapo miguuni, nikamwaga, nikawakimbilia wateja wa riboni.

Sikuonja. Siku tatu, jamani!

Siku ya nne nikakuta vitumba vimedondoka chini ya mti. Nikaokota kimoja. Cheusi. Nikagusa tawi, vingine vikamwagika mkononi.

Nikashuka kwenye mfereji, nikachovya kidole, nikalamba.

Chumvi.

Nikakaa pale pale kwenye tope, nikalia kwa kwikwi huku nimeziba mdomo ili Mjomba asisikie.

Hapo ndipo ningesema. Mti ungeoshwa mapema, na mimi ningetukanwa siku moja yakaisha. Lakini uoga! Nikaukokota ule mti nyuma ya lundo la makumbi ya nazi, nikaufunika gunia. Mjomba alipouliza, nikamwambia nimeupeleka kivulini usije ukawahi kuchanua.

"Safi," akasema. "Umekua sasa."

Neno hilo lilinichoma kuliko tusi.

Nikavuka mto kwa binamu yangu Phung, naye ana kitalu. Nikapita mstari kwa mstari kama mwendawazimu mpaka nikauona mai wenye umri ule ule, shina limepinda kushoto vile vile.

"Huo siazimishi," Phung akasema. "Huo ni wa onyesho."

"Phung, nakuomba. Wiki mbili tu."

"Umeua mti wa watu, siyo?"

Nikaendelea kulishika lile shina.

"Thoa! Wa nani?"

"Wa Mzee Khiem."

Phung akashika kichwa. "Yule asiyejua hata jina lake? Basi umepata bahati. Chukua, hatajua."

Niliishikilia kauli hiyo. Hatajua. Usiku silali, najiambia hatajua. Na Bibi Lieu je? Macho yake yana ukungu, naye hatajua.

Hata hivyo nikapaka udongo penye tofauti, nikabandika kuvu kwenye shina. Halafu nikaanza kurembesha. Bahasha nyekundu, vitaa vidogo, riboni za dhahabu, vifungo vya hariri. Kila palipotofautiana na mti wenyewe, nilitundika kitu. Nilipomaliza, shina lilikuwa halionekani.

Tarehe ishirini na tisa nikaupeleka.

Bibi Lieu alikuwa amefagia kibaraza, amevaa nguo mpya. Alipouona akasita.

"Mbona umetundika vitu vingi hivi? Mzee hapendi mti wake utundikwe kitu."

"Zawadi ya kitalu, Bibi. Mwaka huu wateja wetu wote wamepewa."

Uongo unatoka wenyewe ukishauzoea.

Akamtoa mzee kwa mkono, taratibu, mpaka mbele ya mti. Vitumba vilikuwa vimenona, viwili vimeshafunguka. Bibi Lieu hakuwa anautazama mti. Alikuwa anautazama mdomo wa mumewe.

Mzee akauzunguka mti mara moja. Akaunyooshea kidole.

"Huyu wa nani?"

"Wako, babu," nikasema.

"Si wangu. Mrudishe kwao, wanamtafuta."

"Khiem," Bibi Lieu akambembeleza, "ni mai wetu. Ulioupanda tulipooana. Tazama vizuri."

Mzee akamtazama yeye badala ya mti. Akamtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Samahani, dada. Wewe ni nani?"

Akarudi ndani, akakaa akiupa ukuta uso.

Bibi Lieu akabaki amesimama na nguo yake mpya. Hakulia. Alikuwa anajikunja vidole tu, kimoja baada ya kingine.

Nikashindwa. Nikapiga magoti kwenye kile kibaraza kilichofagiliwa, nikayamwaga yote. Mfereji, siku tatu, gunia, Phung, bahasha.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Uko wapi?" akauliza.

"Nyuma ya makumbi ya nazi."

"Umeutupa jalalani?"

"Umekauka, Bibi. Hauna hata..."

"Ulete."

"Bibi, kesho ni mkesha wa Tet. Mti mkavu mlangoni ni nuksi, majirani watasema..."

"Umekaa na mume wangu miaka arobaini na sita, Thoa. Kama umekufa, ufie kwake. Ulete."

Jioni ile ile nilimrudishia Phung mti wake. Kesho yake alfajiri nilikuwa nauvuta ule mkavu kuupandisha kwenye mkokoteni, Mjomba Sau akanikuta. Akafunua gunia. Akalitazama tawi, akaunusa udongo.

"Ulionja?"

"Hapana, Mjomba."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Akavua kofia, akaivaa tena. Nilisubiri anifukuze.

"Shika upande huo," akasema. "Mzito huu."

Tulipoushusha kwa Bibi Lieu, jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa anatundika taa zake. Akacheka kwa sauti ili tusikie.

"Eh, Bibi Lieu! Mwaka mpya mnaupokea na kuni?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kila nyumba kwenye barabara ile ilikuwa na mti wa njano mlangoni, sisi tumeweka fito nyeusi kwenye chungu.

Mzee Khiem akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemwita.

Akasimama mbele ya mti. Akapitisha kiganja kwenye shina, taratibu, mpaka chini. Akachuchumaa. Akachukua udongo kidogo, akautia mdomoni.

Akatema.

"Nani amemnywesha huyu chumvi?"

Mjomba Sau akanitazama. Mzee ambaye mchana anasahau kama amekula asubuhi!

"Mimi, babu," nikasema.

"Mpumbavu." Akaparua gome kwa ukucha, akasogeza uso karibu. Chini ya gome palikuwa na mstari wa kijani, mwembamba, wa kuutafuta.

Akainuka. Akapaza sauti, sauti ambayo sikujua kama anayo.

"Lieu! Lieu! Leta maji ya mvua! Ya kwenye mtungi wa nyuma, usiniletee ya mfereji! Lieu, umelala?"

Ndani nikasikia sinia likianguka.

Bibi Lieu akatokea mlangoni, mikono ina unga, akasimama hapo hapo.

"Unashangaa nini?" mzee akamfokea. "Mtoto anakufa huyu!"

Basi tukaosha mizizi. Wazee wawili, mimi na Mjomba Sau. Tunamimina, inachuruzika, mzee anaonja, anatema, anasema bado, tunamimina tena. Mitungi miwili ya maji ya mvua, waliyoyaweka wayanywe kiangazi chote, iliishia kwenye chungu kile. Jirani naye akaacha kucheka. Jioni akaleta ndoo zake mbili, akaziweka chini.

Mnataka kujua kama ulichanua? Haukuchanua. Hata ua moja. Nyumba nzima ya Mzee Khiem haikuwa na ua la Tet mwaka ule.

Siku ya tatu ya mwaka nikaenda kusalimia na kuomba radhi tena. Nikamkuta Bibi Lieu uani, miaka yake sabini na moja, nywele zimefumuka, nguo imelowa mpaka magotini, kabeba ndoo. Mzee anamfokea kutoka kibarazani kwamba anamwaga maji njiani.

Nikakimbilia kumpokea ndoo. Akakataa.

"Niache. Ananisema tangu alfajiri," akaninong'oneza. Machozi yanamtoka na anacheka. "Kasema mimi mvivu. Kasema ni mvivu tangu anioe."

Akanishika mkono, akanibana kwa nguvu.

"Tangu anioe, Thoa. Umesikia?"

Nilisikia.

Sitawadanganya kwamba alipona. Mwezi haujaisha akawa ameshampotea tena, "dada" ikarudi, na mwezi wa saba akafariki akiwa hamjui mtu yeyote. Lakini Bibi Lieu anasema yeye alitukanwa siku kumi na moja kwa jina lake, na hakuna mwanamke barabara ile aliyepata Tet kama yake.

Nami nilikuwa tayari kumnyima hizo siku kumi na moja kwa sababu ya kuogopa kufokewa.

Ukiharibu kitu cha mtu, ndugu yangu, mpelekee hivyo hivyo kilivyoharibika, mapema, na usikitundikie riboni. Huenda yeye ndiye anayejua pa kuparua.