Siku Niliyoacha Baruti Mezani Kwenda Kumkaribisha Shemeji

Ipo Ijumaa moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na wewe ndiye uliyeiamsha. Uliponipigia simu kunieleza kwamba umenunua mashine ya kujazia risasi mwenyewe nyumbani, ukaniomba ushauri kwa kuwa mimi ni "mzee mwenye uzoefu," kwanza liliniuma hilo neno mzee. Bado nina meno yangu yote. Kisha nikakubali kwamba uzoefu ninao kweli, ila ni wa aina ambayo mtu hapendi kuutangaza. Nitautangaza leo kwa ajili yako.

Miaka ile ya elfu mbili na kitu nilikuwa nakaa Woodbridge, nje kidogo ya Washington, nimeoa juzijuzi, nina shahada mbili na kazi ya ofisini mjini humo ya kusahihisha ripoti za watu wengine. Aliyenitia kwenye mchezo wa kulenga shabaha ni Mzee Zuberi wa Temple Hills, fundi mabasi mstaafu. Alikuwa Mmarekani Mweusi. Wazazi wake walimwita Clarence, lakini ujanani alijifunza Kiswahili katika darasa la jioni akajichagulia jina. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, kimetoka kitabuni kikiwa kimepigwa pasi, na karibu kila swali lake lilianza na "je." Sisi Watanzania tukiongea mbele yake huku tunachomeka Kiingereza kila baada ya neno la pili, alitutazama kama mwalimu aliyeletewa madaftari yaliyomwagikiwa na chai.

Yeye ndiye aliyenifundisha kujaza risasi. Kazi yenyewe ni ya subira tu. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalisafisha, unalirudishia umbo lake, unatia fataki mpya, ile inayowasha baruti, kwenye kitako, unamimina baruti kwa kipimo, halafu unaweka kichwa cha risasi juu na kukikaza. Rivolva yangu ilitumia ganda refu na baruti kidogo sana, kama sukari iliyobaki chini ya kikombe. Hatari ilikuwa hapo hapo. Ganda lile liliweza kumeza kipimo cha pili na kwa nje lisionyeshe dalili yoyote. Mzee Zuberi alinirudia jambo moja mpaka nikachoka kulisikia: ukikatishwa wakati unamimina, usijaribu kukumbuka ulipofikia. Rudisha baruti yote kwenye kopo lake, uanze upya. Nikaitikia. Mtu mwenye shahada mbili huitikia haraka sana.

Sasa ile Ijumaa alasiri nilikuwa besimenti, kile chumba cha chini ya nyumba, maganda hamsini yamesimama mbele yangu kwenye kibao chenye matundu, nimefika kama katikati. Mlango wa juu ukagongwa, na sauti ikapiga hodi.

Alikuwa Shabani, mdogo wake mke wangu, ametoka Langley Park kwa treni na mabasi mawili bila kutuarifu. Mke wangu alikuwa kazini. Mwanangu, wewe umezaliwa huku na labda utaliona hili dogo. Mimi nimelelewa na mama ambaye mgeni akipiga hodi, hata kama ugali unasongwa jikoni, mwiko unawekwa chini. Na huyu hakuwa mgeni tu. Alikuwa shemeji, mtu ambaye taarifa zake zingefika Tanga kwa mama mkwe kabla sijamaliza kuosha vikombe. Kumwambia asubiri kidogo hakukunijia kabisa.

Nikapanda ngazi mbilimbili. Tukasalimiana kama inavyopasa: hali yake, kazi yake ya hotelini, wenzake anaokaa nao, mama yao, mguu wa mama yao, mvua za kwao. Nikachemsha chai, nikakaanga mayai. Ilipita saa nzima na zaidi ndipo akaenda kuoga, nami nikapata mwanya wa kushuka chini.

Nikakitazama kibao. Nilikuwa na hakika kwamba nimemaliza safu ya pili, hakika ile ya mtu ambaye hajui. Tochi ilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka nilipokaa. Ningemulika maganda yote nikaona mwenyewe. Lakini nilisikia maji yakitiririka bafuni juu, na sikutaka kijana wa watu atoke akute sebule tupu. Nikaanza kumimina kutoka safu ya tatu, nikakaza vichwa vyote hamsini, nikafunga boksi, nikapanda kumuuliza kama anapenda wali au ugali.

Kesho yake nikamchukua twende naye uwanja wa shabaha. Mzee Zuberi alikuwa ametangulia. Aliniuliza swali lake la kila mara, kama kuna mtu alinikatisha nikiwa namimina. Nikasema hapana. Sikudanganya kwa ajili ya kujilinda, angalau ndivyo nilivyojiambia. Shabani alikuwa amesimama pale pale, na kusema ndiyo kungekuwa kama kumlaumu kwa kuja kututembelea.

Asubuhi ile ya baridi tulikuwa peke yetu. Nikatia risasi sita kwenye silinda, nikaiweka rivolva mezani mdomo ukielekea shabaha. Na kwa kuwa Shabani ni mgeni, nani mwingine angeanza? Akaweka mkono juu yake. Alikuwa na wasiwasi kidogo, na akiwa na wasiwasi yule kijana huwa anaongea.

"Mzee, huyu shemeji yangu ni mtu wa watu," alisema. "Jana nimemkuta huko chini na baruti zake, akatoka mbio, miwani ya kazi bado iko usoni. Akanikalisha, akanipikia. Dada kaolewa pazuri."

"Je, aliiacha kazi katikati?"

"Katikati kabisa. Saa nzima tumekaa tunapiga stori."

Mzee Zuberi hakupaza sauti. Alimwambia Shabani, "Mwanangu, ondoa mkono wako kwenye silaha." Kisha akanigeukia. "Je, ulimwaga ukaanza upya?"

Nikaisogeza rivolva kwangu.

"Hapana, Mzee."

Nilizitoa zile sita mimi mwenyewe, na kwa haraka nikazichanganya na nyingine boksini. Tukaenda gereji kwake Temple Hills. Akanipa nyundo ya plastiki ambayo unaitia risasi ndani, unagonga juu ya gogo mpaka kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Akasema nizivunje zote hamsini na kupima kila moja, akakaa kusoma gazeti. Shabani alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Ya kwanza ilikuwa sawa. Ya kumi ilikuwa sawa. Nilipofika ya ishirini nilikuwa nimeanza kukasirika, na kichwani natunga hotuba nzuri kuhusu wazee wanaokuza mambo. Ya thelathini na moja ikapanda mizani mara mbili ya wenzake. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu.

Mzee akakunja gazeti. Akaimwaga ile baruti juu ya karatasi nyeupe, na pembeni yake akamwaga ya risasi nyingine iliyo sahihi, akamwita Shabani aje aone.

"Hii ingeweza kupasua silinda," alimwambia. "Pengine ingechukua vidole vyako, au jicho la shemeji yako. Pengine isingefanya kitu. Hatujui, na ndiyo maana hatujaribu." Kisha akaniambia mimi, polepole, "Jana ulimheshimu mgeni wako. Leo, kwa heshima hiyo hiyo, ulimpa hii awe wa kwanza."

Nilitamani anitukane tu tuyamalize. Shabani aliyatazama yale mafungu mawili, akacheka kicheko kisicho na nguvu.

"Shemeji, ungeniambia tu nikae nisubiri. Mimi nilikuwa na kiu ya maji."

Mpaka leo sijui kama risasi ile ilikuwa miongoni mwa zile sita. Nimelifikiria hilo miaka mingi kuliko nilivyofikiria tasnifu yangu, na halina jibu.

Basi nakusihi, mwanangu. Ukianza kumimina baruti, funga mlango, zima simu, na wote nyumbani wajue hupatikani. Akija mtu, mwambie kwa upendo asubiri. Kama hawezi kusubiri, mwaga kila kitu kwenye kopo uende kumpokea kwa moyo mweupe. Usiwe na makopo mawili ya baruti mezani kwa wakati mmoja, na unayotumia ibaki kwenye kopo lake lenye jina. Kipimo chako kitoke kwenye kitabu cha waliopima, uanzie kile cha chini, wala usichukue cha kwangu wala cha rafiki wa mtandaoni. Mulika kila ganda kwa tochi kabla ya kuweka kichwa, hata kama una hakika, na hasa kama una hakika. Miwani usivue. Sigara na chakula visikaribie meza ile, na mikono uioshe ukimaliza, maana risasi ni sumu hata isipopigwa. Ukiwa uwanjani ukasikia mlio mdogo usio wa kawaida, simama papo hapo, toa risasi zote, hakikisha hakuna kitu kilichokwama kwenye mtutu. Na mtu akikuuliza kama ulikatishwa, sema kweli, hata kama aliyekukatisha amesimama mbele yako na ni ndugu wa mkeo.

Mwenyezi Mungu akupe mkono mtulivu na akili isiyojiamini kupita kiasi. Akuwekee karibu mtu wa kukuuliza maswali ya kuchosha. Na kila utakayemwalika asimame na wewe mbele ya shabaha, arudi kwao na vidole vyote kumi na macho yake mawili, amsimulie mama yake jinsi ulivyompokea.