Mkono wa Kuflashi na Mama Mkwe

Mimi ni fundi. Uliza yeyote hapa Mlabani, Ifakara: mashine ya kukoboa mpunga ikigoma, naitwa mimi, pawatila za kulimia za Katindiuka zikikorofisha kabla ya mvua, zinaletwa uani kwangu. Sasa sikiliza fundi huyo alivyoishi. Mkono wa kuflashi choo cha nyumbani kwake ulivunjika mwezi wa nane, na mwezi wa kumi na moja ulikuwa bado umevunjika.

Choo chenyewe kimo ndani, mwisho wa korido, na nilipokijenga nilitamba sana. Mkono ulipokatika, mimi na mke wangu tulizoea: unafunua kifuniko cha tangi, unazamisha mkono kwenye maji, unavuta kimnyororo, basi. Mke wangu aliposema tumwite fundi bomba, nilikuja juu. "Fundi amwite fundi? Watu watanionaje?" Akasema ngojangoja huumiza matumbo. Nikamjibu kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nikacheka mwenyewe. Yeye hakucheka.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Mahenge, kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hapa Ifakara. Alitakiwa akae kwetu wiki tatu, akienda kliniki kila wiki. Mtu mzima, jicho moja limefunikwa, na daktari amemkataza kuinama na kubeba vizito. Kile kifuniko cha tangi asingekiweza. Mke wangu akamwekea ndoo ya maji na kopo mle chooni. Maji yakiisha, anamwita mwanawe amjazie. Mimi nikaona tatizo limekwisha.

Wenye wakwe mtanielewa. Mimi na mama mkwe tunaheshimiana: hatukai sebule moja, hatuli pamoja, akipita nainamisha macho. Shikamoo naitoa nikiwa mlangoni, naye anaitikia akiwa chumbani. Sasa mtu wa namna hiyo aanze kuita kwenye korido kwamba maji ya choo yameisha, huku mkwe wake amekaa sebuleni anasikiliza redio? Hata mjinga kama mimi ningepaswa kuliona hilo.

Siku moja mke wangu alikuwa sokoni. Mama aliingia chooni, nikasikia kopo likikwangua ndani ya ndoo tupu. Halafu kimya. Nilikaa pale sebuleni zaidi ya saa nzima, mlango haukufunguliwa. Ningeweza kutoka nje nikampisha. Ningeweza kujaza ndoo nyingine, nikaiacha mlangoni, nikaenda zangu. Nikabaki, nikijiambia kwamba mwanamume haingilii mambo ya chooni ya mama mkwe, hiyo ndiyo heshima. Mke wangu aliporudi ndipo mama akatoka. Naona aibu kuandika haya, lakini nimeshaanza.

Wiki ya pili mama akaanguka. Joto la Ifakara kabla ya mvua si la mtu aliyezoea baridi ya Mahenge, nasi tukadhani ni joto tu. Tukamkimbiza hospitali kwa bajaji, akatundikiwa dripu. Mimi, kwa heshima yangu ileile, nikasimama nje ya pazia. Nesi akawa anamuuliza taratibu.

"Bibi, mbona mwili umekauka hivi? Nyumbani hawakupi maji?"

"Wananipa."

"Sasa?"

Nikamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Nikinywa nitakwenda chooni, mjukuu wangu. Na chooni kwao siwezi kumaliza mwenyewe, mpaka niombe maji. Mkwe yupo, anasikia."

Jamani! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mke wangu akatoka nyuma ya pazia, akanitazama tu. Ningeshukuru angenitukana.

Nikaenda moja kwa moja duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba mkono wa kuflashi. Muuzaji ananifahamu. "Fundi, siku hizi mpaka vyoo?" akanitania.

"Cha mteja," nikasema.

Hata pale! Mama wa watu amelala na dripu, mimi bado nalinda jina. Nilipofika nyumbani nikabandika chai ya kumpelekea mgonjwa, kisha nikaenda chooni. Nikafungua nati iliyo ndani ya tangi, ile ambayo hufunguka kinyume na nati nyingine, nikatoa kipande cha mkono wa zamani, nikapachika mpya, nikaunga mnyororo. Nikabonyeza. Maji yakashuka yote. Niliporudi jikoni chai ilikuwa haijachemka. Miezi mitatu nimesema kesho, kumbe kazi yenyewe ni hiyo. Nikakaa kwenye kigoda nikalia, mtu mzima na spana mkononi.

Mama aliruhusiwa siku iliyofuata. Jioni akaingia chooni, nikasikia maji yakishuka, akatoka, akarudi chumbani kwake. Nikamwomba mke wangu anifikishie ombi la msamaha kwa mama yake.

"Mdomo unao," akanijibu. "Kaseme mwenyewe."

Basi nikaenda, nikasimama nje ya mlango wa chumba cha mama, macho chini. Nilimwamkia, akaitikia.

"Mama, nisamehe. Mkono ule ulikuwa umevunjika kabla hujaja, na kuutengeneza nilikuwa naweza. Nilizembea tu."

"Najua, baba," akasema kutoka ndani. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. "Dirisha hili linatazama uani. Hata kwa jicho moja nilikuwa nakuona. Umetengeneza pampu ya jirani. Umetengeneza feni ya mwalimu mmoja. Juzi baiskeli. Kila nikikuona umeshika spana nasema moyoni, leo atakumbuka na kwake."

Nilitaka kusema tena nisamehe, nikaona naanza kumchosha mgonjwa. Mama akakohoa kidogo mle ndani.

"Yaishe, baba," akasema. "Niletee maji ya kunywa."