Jiwe la Njia Panda

Mjomba wangu alikuwa mchora mishale. Kazi hiyo ipo, usicheke. Ofisi ya utalii ilimwajiri apake mishale ya njano kwenye mawe, ili wapanda baiskeli wajue pa kukata kona na pa kunyoosha katika njia ya changarawe inayozunguka maziwa matatu, inayofuata mifereji na kupanda vilima, kisha inarudi ilikoanzia. Ni kilomita mia moja na kumi na mbili. Watu walimwita Mshale, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Alikuwa fundi kweli, simnyimi haki yake. Miti hakuipaka, nguzo hakuzipaka. Alichagua mawe, tena ya kubebeka, kwa sababu greda la kusawazisha barabara likipita hufukia kila lililopandwa ardhini. Jiwe lake aliliondoa kabla ya greda na kulirudisha baadaye. Aliliweka chini, hatua thelathini kabla ya kona. "Aliyechoka haangalii juu," alikuwa akisema. "Anaangalia tairi lake la mbele." Basi mtu akikata tamaa na kuinamisha kichwa, mshale ulikuwa pale pale unamngoja.

Nyumba yetu iko juu ya kilima cha pili, kilomita mbili kutoka njia panda ya ziwa la tatu. Mama yangu, dada yake mkubwa, aliweka mabenchi mawili na meza barazani, akauza chai, mayai ya kuchemsha na maji. Anayefika juu ya kilima kile kwa baiskeli hana ubishi. Anashuka, anaegemea ukuta wetu, anaomba chochote chenye majimaji. Tulikuwa tukila kwa pumzi za watu, na hatukuwa na shamba wala mshahara mwingine.

Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo hata kuusimulia naona haya. Siku moja mkubwa wa ofisi ya utalii alipumzika kwetu na kusifu jinsi Mshale alivyogundua barabara ya kilimani peke yake. Mama akamjazia kikombe na kusema, bila ubaya, "Kagundua? Njia hii ni ya marehemu mama yetu. Alikuwa akishusha maziwa ya ng'ombe mferejini kwenda kuuza kila alfajiri, na huyo mdogo wangu kafungwa mgongoni amelala." Mkubwa alicheka sana. Baada ya wiki tatu liliwekwa bango pale ziwani. Lilikuwa liandikwe jina la Mshale. Liliandikwa Njia ya Mama wa Maziwa.

 Mjomba alikwenda njia panda, akakumbatia jiwe lake, akaligeuza. Mshale uliokuwa unaelekeza kushoto, kilimani kwetu, ukaelekeza kulia, kwenye tuta la mfereji, ambako ni tambarare mpaka unasinzia. Ofisini akaandika kwamba barabara ya kilimani imebomoka, haifai. Wakamwamini. Nani angemkatalia Mshale?

Tulidhani ni mvua inayozuia watu. Halafu mvua ikakatika na watu hawakuja. Mayai yaliharibika kwenye beseni. Mama alipunguza maji kwenye birika, kisha akapunguza majani, mwisho akawa anachemsha birika la maji matupu ili nyumba isikike kama nyumba. Benchi la kwanza liliuzwa, likafuata la pili. Mimi ndiye niliyeteremka hadi njia panda nikaliona jiwe. Nililigeuza kushoto. Kesho yake lilikuwa kulia. Nililigeuza tena, na tena akalirudisha, mpaka mama akanikataza. "Yeye anacho cheo, wewe una mikono mitupu," alisema. "Utaitwa mharibifu wa njia."

Lakini si hilo lililonifanya nimchukie. Kila Alhamisi Mshale alipanda kilima chetu kwa baiskeli, polepole, ameinamia changarawe. Alikuwa anatafuta alama za tairi. Akikosa, anatabasamu. Akifika barazani anaweka mguu mmoja chini na kusema, "Njia imepumzika, dada." Kisha anateremka upande wa pili akiimba. Alhamisi kumi na nane nilizihesabu. Mama alimjibu kila mara, "Imepumzika, mdogo wangu," na kila mara nilitamani amwagie birika.

Sasa sikiliza jinsi uongo unavyofanya kazi. Ofisi ilipoambiwa barabara imebomoka, haikuleta greda tena. Maji yalishuka mlimani msimu mzima yakichimba yanavyotaka, na kwenye kona iliyo chini ya nyumba yetu yakafungua korongo la kumeza mbuzi. Barabara ikabomoka kwelikweli. Mshale alipanda akiliona na kulikwepa, lakini Alhamisi ya kumi na tisa alisahau kitu akageuka, akateremka kwa upande aliopandia, kasi, macho yakitafuta alama za tairi. Nilisikia chuma, halafu nikamsikia yeye.

Tulimkuta ndani ya korongo, baiskeli juu yake. Mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Mama aliitoa baiskeli, akaiegemeza vizuri kwenye ukingo, akafuta vumbi kwenye tandiko.

"Dada, piga simu," alisema mjomba. "Waje na gari."

"Gari lipite wapi?" mama aliuliza. "Barabara imebomoka. Uliandika mwenyewe, wamepiga na mhuri."

"Dada, tafadhali."

"Hapa wanaweza kufika watu wa baiskeli tu. Ngoja nikakuitie."

Akanigeukia. "Mpe maji. Usimsogeze." Akaanza kuteremka kuelekea njia panda. Hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kuchota maji na ana hakika kisima hakikauki. Kilomita mbili, na huko chini kuna jiwe zito kama mtoto wa miaka miwili.

Nilikaa ukingoni. Mjomba alinitazama kwa muda mrefu. "Mpwa wangu, wewe una simu," alisema.

"Betri imekwisha, mjomba."

Ilikuwa imejaa. Niliisikia pajani, ina joto. Nilifurahi, nasema wazi, nilifurahi kama sijawahi kufurahi mwaka ule. Alianza kulia, mwanzo kwa aibu, baadaye bila. Aliniambia mguu umekufa ganzi, hausikii tena. Nikamwambia basi afadhali, maumivu yamepungua. Nilimpa maji kwa kikombe chetu cha wateja.

Wapanda baiskeli sita walifika baada ya saa mbili na nusu hivi, wakifuata mshale uliogeuzwa kushoto. Walikuwa watu wema. Mmoja alikuwa muuguzi, akaugusa mguu, akapiga simu yeye. Gari lilifika kwa nusu saa. Lilipandia upande wa pili wa kilima, likaegeshwa juu mbele ya baraza, na wakambeba. Wakati wanamfunga kwenye machela mmoja wao alitazama maziwa yote matatu yanavyoonekana pale juu na kusema, "Njia nzuri namna hii, kwa nini walikuwa wameifunga?" Mama alikuwa amesharudi, anawasha jiko. "Muulizeni fundi," alisema. Kisha akawauliza nani anatumia sukari.

Daktari alituambia kesho yake. Mshipa wa damu ulikuwa umebanwa na mfupa. Angefikishwa masaa mawili mapema mguu ungepona. Waliukata juu ya goti. Mama alisikiliza, akashukuru, akatoka nje. Kwenye ngazi alinishika mkono akauliza simu yangu ilikuwa wapi siku ile. Nikamwambia mfukoni. Akauliza kama ilikuwa na chaji. Nikatazama ngazi.

"Yangu pia ilikuwa nayo," alisema.

Mjomba hakumwambia mtu. Ofisini walimhoji, akasema aliteleza, na kwamba dada yake ndiye aliyekwenda kuita msaada. Mpaka leo sijui alimsitiri mama au alijisitiri yeye, maana angeeleza vipi jiwe?

Sasa tuna mabenchi manne. Mshale anaishi kwenye chumba chake kwenye tuta la mfereji, dirisha linatazama ile njia tambarare ambayo hapiti mtu. Mama humpelekea chai kila Alhamisi. Wiki iliyopita nilimsindikiza. Alisimama mlangoni na chupa mkononi, akaangalia blanketi pale lilipolala bapa.

"Umepumzika, mdogo wangu?"

"Nimepumzika, dada."

Nilingoja mama atabasamu. Alimmiminia chai, akampulizia ipoe kama anavyopuliziwa mtoto, akamshikia kikombe mpaka ikaisha. Njiani kurudi alisema aliniona nikingoja, na Alhamisi ijayo nisimfuate.