Nusu ya Gari Ilikuwa ya Maman

Nilinunua gari langu la kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitano. Mama yangu alinunua lake la kwanza akiwa na hamsini na sita. Lilikuwa gari moja, na tulilinunua siku moja.

Vita vya kwanza vya Kongo vilikuwa vimekwisha na vya pili havijaanza. Sisi tuliishi ukimbizini Bukavu, upande wa Kongo, tukarudi Rwanda baada ya mauaji ya kimbari na kupata nyumba Kamembe, karibu na mpaka. Baba alikuwa amefariki kwa ugonjwa tukingali ng'ambo. Maman aliuza vitenge sokoni, mimi nilikuwa muuguzi. Wakati ule watu wenye akili walikuwa wakinunua mabati.

Kulikuwa na Mzungu mmoja mzee, mtaalamu wa kilimo, niliyekuwa nikienda kwake kumchoma sindano za malaria. Alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, alinionyesha masanduku matatu ya mbao kwenye gereji yake. Ndani mlikuwa na gari ambalo halijaunganishwa: fremu ya vyuma vyembamba, magurudumu, usukani mdogo kama sahani, na bodi nyekundu ya plastiki ngumu. Alinieleza kwamba magari ya namna hiyo huuzwa vipandevipande, mwenyewe akajiundia nyumbani. Ni ya kukimbia kwa raha tu, mepesi, hayana paa wala milango. Alikuwa ameliagiza kabla ya mambo kuharibika, na hamu ya kuliunda ilikuwa imemtoka. Nilishika ule usukani na mikono yangu ikakataa kuuachia.

Jioni nilimweleza Maman huku nimeinamia sahani yangu, nikingoja anigombeze. Alitafuna kwanza akamaliza. Kisha akasema kwamba alipokuwa na umri wangu, kule Bukavu, aliona mwanamke akipita kando ya ziwa katika gari lisilo na paa, kitambaa cha kichwa kikipepea nyuma yake. Alisimama barabarani na ndizi zake kichwani mpaka gari likapotea.

"Sikuambia muntu hata mumoja," alisema. "Hata baba yako. Nusu ya hiyo gari ni yangu."

Kesho yake tulikwenda wote wawili kwa Mzungu. Masanduku yalipandishwa nyumbani kwa mkokoteni, lakini mvua ilitukuta njiani tukiwa tumebaki na kifuniko cha mbele cha bodi. Maman alijitwika kifuniko hicho kichwani kama mwavuli, akafika nyumbani mkavu na mwenye furaha kupita kiasi.

Injini haikuwamo. Ilibidi kuitoa kwenye gari jingine la kawaida, na hiyo tuliipata Kadutu, Bukavu, kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza pikipiki ya marehemu baba. Tuliivusha daraja la mpakani juu ya toroli. Mtu wa forodha aliuliza ni nini. Maman akamjibu kwamba ni gari. Yule bwana akaizunguka ile toroli mara mbili, akauliza gari lenyewe liko wapi, na Maman akamweleza kwa heshima zote kwamba sehemu nyingine imetangulia nyumbani.

Kwa majuma sita fundi alivuka kila asubuhi kuja kuunganisha uani kwetu. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeisoma, kwa hiyo tulifuata picha. Mimi nilishika spana nikitoka kazini. Maman alishona viti kwa kitenge cha njano chenye kuku. Kazi ilipokwisha zilibaki bolti saba. Tulizitazama sote watatu, tukalizunguka gari, hatukuona mahali penye pengo.

"Mzee, hizi ni za wapi?" nilimuuliza fundi.

"Hizo ni za akiba," akasema, akazitia mfukoni.

Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwa gari la kituo cha afya, basi siku ya kwanza nilishika usukani mimi. Tuliteremka kuelekea ziwani. Tulikaa chini sana hata mbuzi walitutazama kutoka juu. Kwenye kona ya pili upepo ulimvua Maman kilemba, nikataka kusimama, naye akanipiga begani akisema niongeze mwendo. Nilikuwa sijamsikia mama yangu akicheka hivyo tangu baba alipofariki. Machozi yalimtoka, na mimi pia, na sijui yangu yalikuwa ya upepo au ya nini.

Jumapili iliyofuata tulijitia ujasiri wa kwenda hadi Gashonga. Tope lilitukamata katikati ya migomba. Watu waliokuwa wakitoka kanisani walikuja kusukuma, lakini mama mmoja alijaribu kuliinua gari kwa mkono, akaona ni jepesi. Wakaliinua. Mimi nilishuka. Maman alikataa kuchafua viatu vyake, kwa hiyo akabebwa na gari lake, ameketi wima, akiwapungia mkono, huku wao wakiimba wimbo wa harusi. Wakamweka pakavu taratibu kama yai.

Mwaka huo huo vita vya pili vikaanza. Mpaka ulifungwa, petroli ikaadimika, na mizinga tuliisikia kutoka ng'ambo ya ziwa. Gari lilikaa chini ya turubai. Fundi hatukujua kama yuko hai. Katika majuma hayo Maman, ili asikae na mawazo, aliketi ndani ya gari lililozimwa na kunitaka nimfundishe gia. Petroli ilipopatikana kidogo, alikuwa anajua kila kitu isipokuwa kusimama. Hicho alijifunza kwenye ua wa jirani wa miyenzi, vile vichaka vyenye utomvu mweupe.

Mpaka ulipofunguliwa tulipata habari kwamba fundi atavuka Alhamisi. Maman alitaka kumpokea mwenyewe, akatuendesha hadi darajani, amefunga kilemba kwa mafundo mawili. Fundi alikuja akitembea polepole, amekonda, na begi la vyombo vyake begani. Alipoliona gari alisimama, akaona nani ameshika usukani, akavua kofia.

"Papa, panda," Maman akamwambia.

Gari lilikuwa na viti viwili tu. Nilimpisha mzee kiti changu, nikaweka begi lake kwenye mapaja yake, wakapanda mlima wakipiga honi. Mimi nikarudi Kamembe kwa miguu.