Keki ya Mia Nne

Froukje Terpstra alikuwa na kazi ambayo mama yake, mkulima wa viazi huko Friesland, alikufa bila kuielewa: kuhesabu wasomi wametajana mara ngapi. Miaka ishirini na miwili chuoni, kila Jumatatu, kahawa pembeni, anajaza fomu: makala ya fulani imetajwa na wenzake mara ngapi. Aliyetajwa sana alipewa wasaidizi na ofisi inayotazama mfereji. Asiyetajwa alipewa barua ya kuachishwa kazi.

Tatizo ni kwamba Froukje alikuwa na tabia isiyofaa kwa kazi ile. Alisoma makala zenyewe.

Ndiyo maana alimjua vizuri Profesa Rutger Blankestijn. Bwana huyu aliwahi kuandika kwamba unga wa magamba ya kome huua minyoo ya viazi. Haukuua hata mmoja. Kila aliyejaribu aliandika: tulifuata njia ya Blankestijn, minyoo ikanenepa. Na kila aliyeandika hivyo alimwongezea alama, maana hesabu haijui sifa wala tusi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kufanya kazi chuoni, masikini.

Katika chumba cha chini, jirani na boila ya kupasha jengo joto, alikaa mtafiti Sietse Wiarda. Alifuga minyoo hiyohiyo kwenye ndoo miaka tisa kabla ya kuandika neno. Wakulima walimpigia simu kutwa, lakini fomu haina mahali pa kujaza simu. Alhamisi moja, saa tisa alasiri, ingeamuliwa kama mkataba wake utaongezwa.

Saa nne asubuhi ya siku hiyo Blankestijn aliita watu wote kwenye chumba cha kahawa. Keki kaileta mwenyewe, kama ilivyo desturi ya mwenye sherehe, imeandikwa 400 kwa krimu.

"Haya jamani, karibuni! Froukje, hebu tuambie, muungwana gani kanitaja mara ya mia nne? Nimpe kipande cha kwanza."

Froukje alikuwa akiisubiri nafasi hiyo tangu Jumatatu.

"Ni Sietse."

"Sietse wetu huyu? Kumbe, mzee! Kimyakimya hivyo?"

"Ngoja nikusomee alivyokutaja." Akatoa karatasi mfukoni. "'Tumerudia jaribio la Blankestijn miaka tisa, katika mashamba kumi na manne. Unga hauui minyoo. Wakulima waache kuununua.'"

Uma ukagonga sahani. Froukje akamgeukia mkuu wa kitivo, Marloes ten Brink.

"Na zile nyingine nimezisoma, Marloes. Karibu zote zinasema hivyohivyo. Halafu leo mkamfukuze anayesema kweli?"

"Froukje, mimi nitapata wapi muda wa kusoma makala mia nne? Ndiyo maana tuna namba. Haya, Sietse katajwa mara ngapi?"

"Mbili."

"Si unaona sasa?"

Blankestijn alicheka. Mtu mwenye haya angetafuta mlango, lakini huyu alitafuta kisu. Akakata kipande kikubwa, kile chenye sifuri ya mwisho, akampelekea Sietse.

"Kutajwa ni kutajwa, kaka. Bila wewe ningekwama mia tatu tisini na tisa. Kula."

Sietse alionja, akatafuna polepole.

"Tamu. Hujatia ule unga wako, eti?"

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata Marloes. Froukje alidhani kicheko kile kimemwokoa Sietse. Saa tisa na nusu Sietse alishuka chini na barua yake, akaanza kumwaga ndoo.

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya ripoti ya mwaka. Simu ya chumba cha chini ililia asubuhi nzima, ikakatika, ikalia tena. Froukje aliisikia vizuri sana. Akainama, akajaza: Blankestijn, mia nne. Wiarda, mbili. Akahakiki mara mbili, kama alivyofanya siku zote, na hakukuta kosa hata moja.