Kitenge Majini, Watu Wakitazama

Miezi mitatu nilikuwa napiga vitenge picha. Navipiga pasi, navitandaza kitandani, naviweka mtandaoni na kuandika kila kitu: rangi, urefu, bei, tunatuma mpaka Handeni. Na watu wanauliza nini? "Ipo?" Ipo! Ingekuwa haipo ningeiweka ya nini? "Bei gani?" Bei iko hapo, chini ya pua yako. Ukimjibu, kimya. Ukimkumbusha, anakwambia, "Nilikuwa naangalia tu, mpenzi." Mimi nimeishia kidato cha nne, kusoma najua. Hao wateja wangu walisomea wapi?

Vitenge vikakaa chumbani kwetu Kilole mpaka mtoto akajifunza kusimama kwa kulishika rundo lake. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Alisema mara moja tu: visipotoka kabla ya mvua, vyote vinakwenda kwa dada yake Handeni, mimi narudi kwetu Dindira kuchuma chai, mtoto anabaki na bibi yake. Mtoto ambaye bado ananyonya! Nilitwanga kisamvu mpaka kinu kikahama mahali pake.

Kesho yake asubuhi nikaingia laivu. Simu niliiegemeza kwenye chupa ya chai, uani, karibu na beseni la nepi. Mtoto mgongoni, nywele hazijachanwa. Watu kumi na mmoja wanatazama. Nikajifunga kitenge cha bluu juu ya gauni, nikazunguka. Wakafika thelathini. Ndipo mmoja akaandika: "Hivyo vinachuja. Ukifua mara moja, umepata dekio."

Huku kwetu neno hilo likishatamkwa, umekwisha. Mama zetu hawanunui kitenge mpaka walambe kidole, wasugue pindo, watazame kama kidole kimeshika rangi. Kwenye picha utasugua nini?

"Vinachuja?" nikafoka. "Wewe umekivaa lini?"

Nikakifungua kile cha bluu, nikakizamisha kwenye beseni, juu ya nepi nyeupe za mwanangu, nikatia na sabuni. Nilipokwisha kukizamisha ndipo akili ikanirudia: sijawahi kufua hata kimoja. Na watu wameshafika themanini.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio. "Mkamwana, una wazimu? Nepi za mjukuu wangu!"

"Mama, tuko laivu. Kuna mtu anasema vinachuja."

"Nani huyo?"

Akachuchumaa, akanisukuma kwa kiwiko, akaanza kufikicha mwenyewe, kwa nguvu za mtu aliyetukaniwa ukoo. Mimi nachungulia maji kama yamegeuka bluu. Akakamua. Akainua nepi moja, akaisogeza mbele ya simu. Nyeupe pe!

"Aliyesema kinachuja yuko wapi?" akaiuliza simu. "Ajitokeze!"

Hapo komenti zikamwagika. "Bibi, niwekee hicho cha bluu." "Mimi niko Mombo, nataka cha njano." "Bibi, jifunge na wewe tukuone!" Akajifunga, akatingisha bega, watu wakazidi kuingia. Wa Handeni mmoja akataka vinne, kwa sharti bibi avifue vyote kwanza. Yule mchokozi naye akaandika, "Nilikuwa natania, dada."

"Utani wako kaufulie kwenu," nikamwambia. Akachukua viwili.

Picha bado naweka, sisemi uongo. Wapo wanaopenda kutazama kimya, bila makelele yangu, na siku moja moja wananunua. Lakini picha haigombani na mtu, na mimi nikinyamaza siuzi.

Alasiri mume wangu alirudi, akachungulia chumbani, akakuta sakafu inaonekana.

"Vimekwenda wapi?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Vingine Mombo, vingine Handeni. Na huyu humpeleki Dindira wala wapi. Kesho tuna kazi, vilivyobaki tunavifua laivu."

Mume wangu akachukua taulo, akaenda kuoga. Nikamshusha mtoto mgongoni, nikampa ziwa, nikacheka mpaka likamponyoka mdomoni, maziwa yakamrukia usoni.